Mwamba Usio na Dumu

Mtu mmoja alikuwa na mwamba. Wengine hurithi shamba, wengine ng'ombe, wengine jina tu. Yeye alirithi mwamba, tena uliokuwa chini ya maji, katikati ya ziwa moja kubwa la magharibi ya Ayalandi, nchi ambayo mvua yake haikomi bali hupumzika tu, kisha ikaendelea. Jina lake Festus. Kazi yake ilikuwa ile ya baba yake, kuwapeleka wageni ziwani kwa mashua wakavue trauti. Huyo ni samaki wa kahawia mwenye madoa mekundu, hakufugwa na mtu wala kuletwa na mtu, na kwa woga hana mfano. Hawamvui kwa nyavu. Huchukua ndoana ndogo, wakaifunga manyoya na uzi mpaka ikafanana na nzi, wakairusha juu ya maji kwa fimbo ndefu na mshipi mwepesi. Mpiga makasia huikingamisha mashua mbele ya upepo, upepo ukaisukuma polepole, na wageni wakarusha mishipi yao tena na tena, kutwa nzima.

Sasa lijueni jambo hili kabla hatujaenda mbali. Trauti wakubwa wa ziwa lile hawakai kwenye kina. Hukaa juu ya miamba, pale maji yanapokuwa haba, kwa kuwa ndipo wadudu wanapozaliwa. Kwa hiyo aliyetaka samaki ilimbidi kukikaribia kile kile kinachopasua mashua. Kila mpiga makasia alikuwa na mwamba wake mmoja au miwili, ameuweka kichwani, na watu wa pale walikuwa na adabu waliyoishika kama amri: humwulizi mtu samaki wake kamtoa wapi. Waweza kumwuliza uzito, na alikula nzi gani, na upepo ulitoka wapi. Mahali, huulizi. Aliyeuliza mahali alitazamwa kama mtu aliyefungua sufuria ya jirani.

Mwamba wa Festus ulikuwa wa peke yake. Kuzunguka pande zote ni kina cha pima saba, maji meusi, hapana dalili yoyote. Halafu ghafla jiwe, refu kama nyumba, limeinuka kutoka chini bila kufika juu. Baba yake alimwonyesha kwa alama mbili za nchi kavu: mnara wa kanisa ukae juu ya paa jekundu la ghala, na ncha ya Kisiwa cha Mbuzi iguse mguu wa mlima. Mistari hiyo inapokatana, ndipo. "Hiki ndicho chakula chako," mzee alimwambia. "Usimwambie mtu." Na Festus alikuwa mtoto mtiifu. Miaka arobaini hakumwambia mtu.

Mwishoni mwa Septemba, mwaka uliotangulia huu ninaousimulia, mpiga makasia mwenzake aitwaye Malaki alitoka peke yake mchana kuvuka ziwa, upepo ukamkuta njiani. Festus na Malaki walikuwa marafiki. Saa sita mchana, wageni wakiwa wamechoka kurusha mishipi, wao wawili walikuwa wakikutana kisiwani kuchemsha chai kwenye birika moja. Siku ya tatu mwili wa Malaki ukaokotwa ufuoni. Mashua yake ya buluu ilipatikana vipande vipande. Hakuna aliyejua imepasukia wapi. Watu walinyoosha vidole kwenye miamba iliyo karibu na nchi kavu, wakatingisha vichwa, wakazika. Festus alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Kesho yake alikwenda peke yake kwenye mwamba wake. Hakuna aliyemtuma. Kiangazi kilikuwa kikavu mwaka ule, maji yalikuwa yamebaki shubiri moja juu ya jiwe, na pale juu ya jiwe aliona mchirizi wa rangi ya buluu, mrefu kama mkono wa mtu.

Ningependa kuwaambia kwamba alilia. Hakulia. Alikunja mkono wa shati, akachukua kipande cha jiwe kilichokuwa ndani ya mashua, akausugua ule mchirizi. Alisugua kama mtu anavyosugua sufuria iliyoungua, huku akitazama mashariki na magharibi kama yupo anayemwona. Maji yalimtia ganzi mpaka kiwiko. Rangi ilipokwisha aliendelea kusugua, kwa sababu macho yake yalikuwa bado yanaiona. Ndipo woga ulipomwingia, na tangu siku ile ulikula naye sahani moja.

Miezi ikapita. Mwezi wa Februari, kabla msimu haujafunguliwa, mjane wa Malaki alisimama kwenye mkutano wa wapiga makasia. Jina lake Nuala. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye mikono ya kazi, naye alikuwa amekusudia kupiga makasia yeye mwenyewe mahali pa mumewe, maana nyumba haiendeshwi kwa pole za majirani. Akasema, "Mume wangu harudi. Lakini nataka kila mwamba wa ziwa hili uwekewe alama kabla mgeni wa kwanza hajapanda mashua."

Wazee walitazama viatu vyao. Kumtajia mwenzako mwamba wako ni kumpa ufunguo wa ghala lako. Lakini mbele yao alisimama mjane, na kila mmoja alijua kwamba kama si kimya chao, pengine asingekuwa mjane. Aibu ikawashinda. Wakakubali mmoja baada ya mwingine, kisha wakasema Festus ndiye awaongoze, kwa kuwa hapana alijuaye ziwa kama yeye.

Nuala alikusanya madumu meupe ya plastiki kutoka mashambani, akayaosha, akayafunga kamba, na mwisho wa kila kamba akafunga jiwe la kuwa nanga. Majuma mawili walizunguka ziwa katika baridi ya kukata masikio. Kila penye mwamba waliangusha dumu, nalo likaelea jeupe, likionekana kutoka mbali. Mzee mmoja alitoa machozi wazi wazi dumu lilipoangushwa juu ya mwamba wa babu yake, na hapana aliyemcheka. Festus peke yake aliwaonyesha miamba ishirini na mitatu. Watu walishangaa ukarimu wake. Yalipofika madumu arobaini, Nuala alisimama katika mashua, mikono yake imepasuka kwa baridi, mashua nyingine zote zimemzunguka, akamwuliza:

"Shemeji, umebaki mwingine?"

Festus alitazama maji. Mbali kule, mnara wa kanisa ulikuwa umesogea kando kidogo tu ya paa la ghala.

"Hakuna," akasema. "Yametosha."

Kwa nini alisema hivyo? Mwanzoni palikuwa na uchoyo. Mei ilikuwa karibu, na wageni wake wa kila mwaka walikuja kwa ajili ya trauti wa mwamba ule ingawa hawakujua wako juu ya nini. Lakini uchoyo peke yake asingeshindwa kuumeza. Chini ya uchoyo palikuwa na ile rangi ya buluu. Akiutaja mwamba, ataulizwa ameujua tangu lini. Na akilijibu hilo, swali litakalofuata litakuwa Malaki.

Basi msimu ukafunguliwa, na Festus akaona jambo ambalo hakulitazamia. Zamani watu wa ziwa lile waliogopa. Hata waliozaliwa pale walikwenda kwa kuambaa pwani, wakipunguza mwendo, wakichungulia maji kila baada ya kitambo, wakivuka katikati pale tu ambapo baba zao walivuka. Sasa walikuwa na madumu. Wakaanza kukata ziwa kwa mistari iliyonyooka, mashine za mashua zikinguruma, wakisukumana na wageni kwa maneno ya utani. Pasipo na dumu, hapana mwamba. Ndivyo walivyosema, na ndivyo walivyowafundisha wageni. Hofu yao yote waliivua wakaiacha gatini, na Festus akaiokota, akaivaa peke yake.

Machi walivua kwa nzi wadogo weusi, na maji yalikuwa juu. Festus alipima kwa kasia: akilizamisha wima juu ya mwamba, liliingia lote mpaka mkono wake ukalowa. Akashukuru. Mashua yoyote ingepita pale na isiguse kitu. Aprili ikapita hivyo. Mei wakaibuka wale nzi wakubwa wa rangi ya kijani na manjano ambao ndio sikukuu ya ziwa lile, wakatanda juu ya maji kwa maelfu, na trauti wakapanda kuwala mchana kweupe. Juu ya mwamba wa Festus walipanda kama maji yanayochemka. Mgeni wake wa miaka mingi, daktari wa meno mstaafu, alimtoa samaki mmoja wa ratili tisa, na jioni ile baa nzima ilisimama kumtazama samaki huyo amelala juu ya trei ya bia, mdomo wazi.

"Malaki angekuonea wivu, shemeji," Nuala alisema, akainua glasi yake, na watu wakacheka kwa upendo.

Wakamwuliza daktari uzito. Wakamwuliza nzi gani. Wakauliza kama upepo ulikuwa wa kusini au wa magharibi. Hakuna aliyeuliza mahali. Festus alikaa pembeni, bia yake haijapungua, akawatazama mmoja mmoja usoni, akitamani kwa moyo wake wote atokee mtu mmoja tu asiye na adabu. Angeulizwa, angesema. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini kijijini kwao watu wamelelewa vizuri.

Mwezi wa Juni kasia liliingia robo tatu tu. Festus akatunga uongo. Atakwenda kwa Nuala, amwambie ameugundua mwamba mpya, kwamba hata yeye ameshangaa, lilikuwa jiwe la kujificha kweli kweli. Alilifanyia mazoezi neno hilo akiwakamua ng'ombe wake wawili, mpaka likatoka laini. Asubuhi moja akaenda. Nuala alikuwa nje, anaipaka rangi ya kijani mashua yake mpya, na alipomwona aliweka brashi chini, akampa mkono.

"Sijakushukuru bado," akasema. "Miezi mitano baada ya Malaki sikupata usingizi. Nilikuwa nikifumba macho naona mawe. Tangu tuweke madumu yale, nalala. Mungu atakulipa, shemeji."

Mungu atakulipa. Festus alilisikia neno lile kama mtu anavyosikia hukumu ikisomwa katika lugha anayoielewa yeye peke yake. Na lile la mwamba mpya aliloliandaa akaliacha, maana alikumbuka kwamba mbele ya watu wote alisema yametosha, na hapana mtu katika ziwa lile ambaye angeamini kwamba Festus, aliyevua maji yale miaka arobaini, hakujua kilichokuwa chini yake. Alikunywa chai, akaisifu rangi ya mashua, akaenda zake.

Wazee wetu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Festus hakuwa na wazee hao, lakini mke wake Delia alikuwa na macho. Alimwona mumewe akiacha chakula nusu. Alimwona akisimama dirishani kila upepo unapobadilika. "Unaumwa?" akamwuliza. "Ni umri tu," akajibu. Ziwa lilikuwa likishuka kila juma kidogo, kama desturi ya kiangazi, na yeye alikuwa akishuka nalo.

Julai, kasia liliingia nusu. Agosti likaingia bapa lake tu. Hapo Festus akaacha kuvua mahali pengine popote. Kila siku, mvua au jua, aliwapeleka wageni wake juu ya maji yale yale, akazunguka kando ya mwamba kama ng'ombe aliyefungwa kambani, kwa sababu mpiga makasia mwenye adabu hapiti katika maji ambayo mwenzake anavua. Adabu ile iliyomfunikia uongo wake sasa aliifanya ngao. Mashua zilipomwona pale zilizunguka mbali, na watu walio ndani yake wakampungia. Trauti walikwisha ondoka kwenye mwamba kwa ajili ya joto. Wageni walirusha mishipi kutwa wakarudi mikono mitupu, wakanung'unika, na gatini wenzake wakaanza kumtania: Festus ameoa maji yale, mahari imekwisha, anangoja harusi. Alicheka pamoja nao. Kesho yake akarudi pale pale.

Aliyafahamu yote aliyoyaogopa, na aliyaogopa kwa zamu. Asubuhi aliogopa wataujua mwamba. Mchana aliogopa hawataujua. Alipoiona mashua ya kijani ya Nuala ikitoka gatini na watu wawili ndani yake, aliifuata kwa macho mpaka irudi. Akawa anahesabu siku. Msimu unafungwa Septemba thelathini. Siku hiyo mashua zote zitavutwa nchi kavu, hapana mtu atakayevuka, na katika miezi ya baridi atapata la kusema. Zikabaki siku ishirini. Zikabaki kumi. Ikabaki moja.

Siku hiyo ya mwisho alipewa wageni wawili, ndugu wa tumbo moja, ambao walikwisha usikia utani wa gatini. Wakamwambia wazi hawataki kwenda kukaa juu ya maji ya harusi. Wanataka ghuba ya kaskazini. Festus alitazama mbingu. Upepo ulikuwa mdogo. Alikuwa amechoka, ndugu zangu, amechoka kama mtu aliyebeba gunia kichwani tangu Februari bila kupata wa kumtua. Akajiambia, siku moja. Wakaenda kaskazini.

Saa tisa mchana upepo ukageuka. Ulikuja kutoka kusini-magharibi bila kupiga hodi, na katika muda wa kunywa kikombe cha chai ziwa lote likawa jeupe. Festus aliipeleka mashua ufuoni palipo karibu, akawashusha wale ndugu juu ya kokoto, akawaonyesha njia ya kurudi kwa miguu. Kisha akageuka kutazama. Mashua nyingi zilikuwa zimekwisha fika gatini. Moja ilikuwa bado. Ilitoka nyuma ya Kisiwa cha Mbuzi, rangi ya kijani, watu watatu ndani, upepo mgongoni, mashine imefunguliwa yote, nayo ilikuwa inakata ziwa kwa mstari ulionyooka kuelekea nyumbani. Hakuhitaji kutafuta mnara wala ghala. Mstari ule aliujua.

Akarukia mashua yake, akavuta kamba ya mashine, akaenda. Maji yalimwingilia mbele na ubavuni. Alifika kwenye mwamba kabla ya Nuala, na alipofika akaona hauonekani. Siku ya utulivu pangekuwa na kivuli, lakini siku ile kila wimbi lilikuwa limevunjika, na mawimbi ya juu ya mwamba yalikuwa meupe kama mengine yote. Akasimama ndani ya mashua, akainua mikono yote miwili, akapiga kelele, akapunga.

Nuala akamwona. Na ziwani, mtu anayepunga mikono yote miwili ni mtu anayezama. Mjane wa aliyezama hawezi kumpita mtu wa namna hiyo. Aligeuza mashua yake kidogo, akaielekeza kwa Festus moja kwa moja, akaongeza mwendo.

Festus akashusha mikono. Alikuwa amemwita kwenye jiwe kwa mikono yake mwenyewe. Akiondoka, Nuala atamfuata au atapita pale pale. Akibaki, atakuja mpaka alipo. Hapakuwa na ishara yoyote ya mkono wala ya kinywa ambayo ingemwambia mwanamke yule neno la kweli, kwa maana alikwisha mwambia hakuna, naye alimwamini. Basi hofu ile ya mwaka mzima ikafika ukutani. Akaiachia mashua yake, akaweka mguu nje, akashuka.

Akasimama. Maji yalimfika magotini, na wimbi lililofuata likampiga kifuani, likapita, akawa bado amesimama. Mashua yake tupu ikachukuliwa na upepo, ikaenda zake. Katikati ya ziwa, mahali pa pima saba, mahali pasipo dumu, mtu amesimama kwa miguu yake. Hakuna kitu kinachotisha macho ya mtu wa ziwani kuliko hicho. Nuala alizima mashine. Aliyashika makasia akayapiga kinyume kwa nguvu zake zote, wageni wake wakipiga kelele, na mashua ikasimama hatua kama ishirini kutoka alipo Festus, ikipanda na kushuka.

Wakatazamana. Festus angeweza hata wakati ule kusema ni mwamba mpya. Wimbi likampiga tena, akapiga magoti, akainuka, akatema maji.

"Shemeji," akasema, "Malaki alifia hapa."

Nuala alikuwa akipiga makasia ili tu mashua isisogee, vuta na sukuma, vuta na sukuma, uso wake hauna kitu. Wageni hawakuelewa walichosikia. Festus alielewa kwamba hakuna sheria ya mbinguni wala ya duniani inayomlazimisha mwanamke yule kukaribia jiwe lile hata hatua moja zaidi, na kwamba akigeuza mashua sasa akaenda zake, haitasemwa hata siku moja kwamba amekosea. Mawimbi matatu yalipita, naye bado anapiga makasia. La nne likamwangusha Festus tena, na safari hii aliinuka kwa shida.

Ndipo Nuala alipompa mgeni mmoja makasia. Alikwenda mbele, akateremsha nanga, akasubiri mpaka imeshika, kisha akaanza kuachia kamba kidogo kidogo, shubiri kwa shubiri, mashua ikirudi nyuma kuelekea mwamba kama mtu anayeteremka ngazi kwenye giza. Ilipokaribia kiasi alichotaka, akaikaza kamba, akamtupia Festus ncha ya kamba nyingine. Wageni ndio waliompandisha. Yeye hakumgusa.

Walirudi kwa kuambaa pwani, polepole, kama watu wa zamani. Gatini kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika, kwa kuwa mashua tupu ya Festus ilikuwa imekwisha onekana ikienda yenyewe. Wakamsonga Nuala, wakitaka kujua. Yeye alifunga mashua yake kwenye chuma, akahakikisha fundo, akasema, "Mimi sina la kusema. Muulizeni yeye." Nao wakamgeukia, watu wale wenye adabu, wakamwuliza mahali. Wakamwuliza tangu lini. Festus alisimama mbele yao akitiririka maji, meno yakigongana, akajibu yote: la baba yake, la trauti, la rangi ya buluu, na jinsi alivyoisugua. Hakuna aliyempiga. Delia alileta blanketi, akalishika mkononi, hakujua kama amfunike. Nuala alisikiliza mpaka mwisho, mpaka lile la kusugua, kisha akapanda njia ya kwenda kwake.

Mtaniuliza kama alimsamehe. Sikuja na habari hiyo. Naijua hii tu, kwamba siku ya pili upepo ulitulia, dumu la arobaini na moja likaangushwa, na kwamba madumu yale arobaini ya kwanza hayakuwa na la uongo hata moja. Kila moja lilikuwa juu ya mwamba wa kweli, limewekwa kwa jasho la kweli. Na ni hayo arobaini ya kweli yaliyomwendesha Nuala mbio mpaka hatua ishirini za kifo.

Basi wewe ambaye watu wako wanakuamini kwa mengi ya kweli uliyowaambia, ni lipi moja ulilowaambia hakuna, na ni nani sasa hivi analielekea kwa mwendo wote?